Maharage ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua chungu cha umeme. Kile cha kupika polepole — unatia vitu asubuhi, unafunika, unachomeka, unaenda zako kazini, jioni unakuta chakula. Ndivyo anavyosema Bi Mikasi, mkata vitambaa wetu pale karakana ya mapazia, na tangu nimfahamu hajawahi kunidanganya ila kuhusu umri wake. "Tupa vyote ndani, funika, sahau," kasema. "Hata wewe utaweza."

Hata mimi! Haya. Mtoto wa mpishi, sijui kupika. Mama alilisha kiwanda kizima cha sabuni, kantini yote ilikuwa yake, lakini nyumbani nikikanyaga jikoni ananifukuza na mwiko. Eti namzibia njia. Basi nikajifunza kushona.

Jiko la gesi limeondoka leo, pamoja na mtungi wake. Ningefanyaje? Wiki iliyopita mama aliweka birika motoni akaenda kulala. Birika likakauka, likaungua, na pazia la jikoni, nililolishona kwa mkono wangu, likashika moto. Nesi anayekaa juu yetu ndiye aliyeona moshi. Kaka akapiga simu. Kaka ni mwalimu wa udereva, na hata kwenye simu anaongea na mtu kama mwanafunzi wake. Ajali nyingine moja tu, kasema, na mama anahamia kwenye nyumba ya kulelea wazee huko mjini kwake. Keshaenda kuiona. Ina bustani nzuri, kasema. Kana kwamba mama ni mche.

Mama kauliza jiko liko wapi. Nikamwambia. Kauliza tena, nikamwambia tena. Baadaye hakuuliza. Alisimama tu akiangalia ile alama ya masizi ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Kuku. Nimefuata ukurasa wa simuni, "Vyakula Rahisi kwa Wanaoanza". Vitunguu, karoti, vipande vya kuku — na maji nimejaza mpaka juu, maana mchuzi ni mchuzi. Kumbe mvuke hautoki humo! Maji hayapungui hata kidogo. Nimerudi nimemkuta kuku anaogelea. Ladha ya maji ya kuoshea kuku.

Mama kaonja, kaweka kijiko chini taratibu. "Huyu kuku alikuwa anaumwa?" kauliza. "Mngemwacha apumzike."

Nilicheka mpaka nikalia. Au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Alhamisi, 6 Machi

Nyama na viazi. Nimejifunza mambo: viazi chini kwenye joto, nyama juu. Nyama ngumu ndiyo inayofaa, ya shingo au ya muundi — ile laini ya bei mbaya inageuka nyuzi. Maji kikombe tu. Usijaze mpaka ukingoni. Na la muhimu kuliko yote: USIFUNUE. Ukifunua joto lote linakwenda, na chungu kinaanza upya kama mtu aliyekatizwa hadithi.

Nimerudi nyama ngumu, viazi vibichi, na chumvi! Chumvi ya kuhifadhia ngozi. Mama alikuwa anafunua siku nzima. Akifunua anaonja, akionja anatia chumvi, akifunika anasahau kwamba katia.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea mama. "Usikiguse tena!" Akarudi nyuma, mkono kifuani. Halafu akasema, polepole, kwamba tumemnyang'anya jiko, sasa tunamnyang'anya na chumvi.

Chumvi nimeificha kabatini kwangu, chini ya shuka. Najiona mwizi ndani ya nyumba yangu.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimekuwa na akili kidogo. Nimempa kisu cha kumenyea na beseni la karoti, nikakaa pembeni. Mikono yake haijasahau kitu! Ganda linatoka refu, jembamba, bila kukatika. Akapanga mwenyewe: viazi vikubwa pembeni mwa chungu, vidogo katikati, vitunguu chini kabisa. Akanisukuma kwa kiwiko. "Unanizibia njia." Nilifurahi kupita kiasi kusukumwa.

Chungu kakipa jina. Kobe. Ana gamba, hana haraka, na ukimwuliza kitu hajibu.

Kuhusu kufunua tumepata dawa. Nimechukua mkanda wa pazia, ule wa kukunjia juu, nikaupitisha kwenye vishikio na juu ya kifuniko, nikafunga fundo letu la karakanani. Fundo hilo mtu asiyelijua halifungui bila mkasi. Nikamwambia mama: ukiona mkanda, Kobe kalala. Akaweka kidole mdomoni. "Sssh," kasema.

Nyama imeiva leo. Inaachia mfupa yenyewe. Mama kala, kaongeza, kasema imekosa pilipili manga. Imekosa kweli.

Jumatano, 12 Machi

Mambo yanakwenda. Jana dengu na nyanya. Nimegundua kitunguu kikikaangwa kwanza ladha ni nyingine kabisa, ila sina pa kukaangia, basi. Leo supu ya maboga, maziwa nimetia mwishoni. Ukiyatia mapema yanakatika. Kesho uji wa shayiri. Bi Mikasi anajigamba karakanani kote kwamba yeye ndiye kaniokoa. Mwache ajigambe.

Mama analala mchana. Nesi akirudi kutoka zamu anapita kumchungulia. Akikuta mkanda umefungwa ananitumia ujumbe: Kobe kalala. Ninausoma juu ya ngazi nikipima dirisha la mteja, utepe wa futi mdomoni, nacheka peke yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Mbaya. Kabla sijafunga mkanda mama kamimina bakuli la sukari kwenye nyama. Kwa mkono mtulivu kabisa. Nilipopiga kelele alishangaa, akasema ile ni chumvi, na wewe si uliificha?

Halafu mchana nesi kamkuta kwenye ngazi za jengo, kavaa aproni, mwiko mkononi. Anakwenda kantini. Watu wana njaa, kamwambia nesi, king'ora kimeshalia.

Sijamwambia kaka. Kapiga jioni, nikasema tuko salama. Anakuja Jumamosi na wifi, "kuangalia hali". Kukagua, aseme tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye anaujua huu wa kwangu kwa simu.

Wifi alichukua simu akaniuliza kama nalala vizuri. Nilitarajia ugomvi, si swali hilo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesafisha nyumba mpaka mama kaniuliza nani anaolewa. Alama ya masizi nimeipaka rangi. Pazia jipya jikoni, fupi, mbali na kila kitu.

Na chakula — maharage! Yale mekundu makubwa. Kaka alipokuwa mdogo alikuwa anafuta sufuria kwa kidole. Akila maharage ya nyumbani, yakiwa laini, yenye mchuzi mzito, ataona mwenyewe kwamba hapa kuna nyumba, hapa mtu anatunzwa. Ndiyo, najua, nataka kumhonga kaka yangu kwa maharage. Watu wamehongwa kwa vibaya zaidi.

Mama kachambua yote mezani, punje kwa punje, jiwe moja tu kalitia mfukoni. Nimeyaloweka.

"Hayo kesho uniite," kasema akienda kulala.

Nikasema nitakuita.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi, haraka. Maharage ndani, kitunguu, nyanya, punje ya kitunguu saumu, maji yafunike tu. Moto mdogo kabisa, yawe na muda. Mkanda nimefunga. Mama kalala fofofo, mdomo wazi, sikumwamsha — alikesha akizungukazunguka. Nakimbia, kuna mteja wa madirisha ya saluni. Nikirudi nawakuta wageni mlangoni. Mungu, leo tu. Leo tu yaende sawa.

Jumapili, 23 Machi

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Walifika. Kaka kamkumbatia mama, mama kamtambua mara moja, kamwambia kanenepa. Wifi kasifu pazia. Nikafungua mkanda mbele yao kwa madaha. Maharage yalikuwa yanapendeza macho, mekundu, mchuzi mzito. Magumu kidogo katikati, kusema kweli. Kaka kasema hivyo ndivyo yanavyokuwa na utamu. Kala sahani mbili. Wifi moja. Mimi moja. Mama nusu, akayasukuma pembeni, akasema hajisikii. Nilifikiri ni kudeka kwa sababu sikumwita.

Baada ya kama saa mbili, tukiwa kwenye chai, kaka akainuka ghafla, akakimbia chooni. Wifi akamfuata. Halafu mimi. Choo kimoja, watu wanne! Sitaki kukumbuka. Tulitapika mpaka hakuna cha kutapika, tumbo linasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Sisi watatu tulikuwa na nguvu ya kushika ukuta. Mama hakuwa nayo. Nilimkuta kakaa sakafuni, midomo mikavu, macho hayanioni. Nesi kashuka, kamgusa shavu, kasema kliniki sasa hivi.

Wamemtundikia dripu. Kafungua macho. Yuko hai, yuko hai, yuko hai.

Kwenye korido kaka, uso kama majivu, kaniuliza: "Alitia nini humo?"

Nikasema hakutia kitu. Akasema, unajuaje? Ulikuwa kazini. Wifi akamwambia ngoja kwanza. Hakungoja. Alirudi nyumbani, akafungua makabati, na chini ya sinki akakuta ile dawa ya kuzibulia mabomba, kopo wazi, kifuniko hakipo. Kalipiga picha, kanitumia. Hakuandika neno.

Na mimi? Mkanda ulikuwa umefungwa. Fundo letu. Nilifungua mwenyewe. Hilo ndilo nililopaswa kusema, na sikulisema. Nilikumbuka bakuli la sukari. Nilikumbuka aproni kwenye ngazi. Nikajiambia, mikono ile haijasahau kitu, pengine imejifunza na fundo. Nilimshuku mama yangu akiwa kwenye dripu. Nimeandika.

Kaka kamwuliza mama mwenyewe, kwa upole, kamshika mkono: mama, ulitia kitu kwenye maharage? Mama kamtazama muda mrefu. Unaona kabisa anatafuta kichwani, anafungua mlango huu, anafungua ule.

"Sikumbuki," kasema. "Lakini kama si mimi, nani?"

Jumatatu, 24 Machi

Mama karudi nyumbani. Dhaifu, anakunywa maji ya chumvi na sukari. Kaka na wifi wameondoka. Keshalipia nafasi kule kwenye bustani. Atakuja Jumamosi kumchukua. Sikubisha. Kobe nimemwosha, nimemweka stoo. Mkanda nimeutupa.

Jumanne, 25 Machi

Nesi kashuka kumpima mama. Wakati anakunja kile kitambaa cha kipimo cha presha kaniuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za mvua: yale maharage yalikuwa ya aina gani?

Mekundu.

Uliyachemsha kwanza?

Nikasema nimeyapika kwenye Kobe, moto mdogo, asubuhi mpaka mchana. Yalilowekwa usiku.

Akakaa. Kiti cha mama, akakaa bila kukaribishwa. Akaniambia maharage mekundu yana sumu yake mwenyewe, ya kuzaliwa nayo. Kinachoiua ni kuchemka tu. Yatokote kwa nguvu jikoni kwanza, maji yale yamwagwe, ndipo uyahamishie kwenye chungu cha polepole ukitaka. Joto dogo haliiui. Eti pengine linaiongeza makali! Kawaona wagonjwa wa hivyo kliniki, wote wana vyungu vipya. Kutapika kule, haraka kule, na kuisha kule — dawa ya mabomba ingewachoma midomo na koo, kasema. Midomo ya nani iliungua?

Hakuna.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi. Mimi niliwapa sumu mama, kaka na wifi, kwa mkono wangu, nikafunga na mkanda juu.

Na jiko lenyewe la kuchemshia nililiondoa mimi, ili tuwe salama!

Mwanzo nilifurahi. Naona aibu lakini ni kweli, nilitaka kumkumbatia nesi. Mama hakufanya! Halafu nikakumbuka kwamba nilimshuku.

Jumatano, 26 Machi

Nimempigia kaka. Nimemweleza yote, mkanda, fundo, maharage. Kasema maharage tumekula maisha yetu yote. Nikasema mama aliyachemsha maisha yetu yote! Hatukuwahi kumwona kwa sababu hatukuruhusiwa kuingia! Kasema anaelewa. Anaelewa kwamba nampenda mama, kwamba niko tayari kujitwisha chochote ili asiondoke. "Lakini usinidanganye, dada."

Nikaapa. Akavuta pumzi.

"Na kama ni wewe kweli," kasema, "ndiyo unanipa moyo? Mmoja hajui anachofanya, na wa pili naye hajui anachofanya."

 

Jioni nimemwambia mama. Nilipiga magoti kabisa mbele ya kiti chake. Mama, si wewe, ni mimi, sikuyachemsha. Alinisikiliza akiwa macho kabisa, mama yule wa zamani, yule wa kantini. Kisha akanipiga kofi la begani.

"Maharage mekundu! Bila kuyachemsha! Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha, mama."

Akanivuta kichwa mapajani. Kasema basi hilo kosa tugawane. Nililia pale kama mtoto, na yeye akachambua nywele zangu punje kwa punje. Nimekwenda kulala mwepesi. Sijalala hivyo tangu birika.

Alhamisi, 27 Machi

Asubuhi nimemkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, keshavaa, mikono mapajani.

"Niliwatilia nini?" kaniuliza.

Hakumbuki jana. Magoti yangu, kofi, kugawana kosa — vyote vimekwenda. Ila lile alilolisikia kliniki limebaki! Birika kasahau, kantini ilifungwa kasahau, jina langu siku nyingine linampiga chenga. Hili limemganda.

Nikamwambia upya. Leo hakufoka, hakunipiga. Alisema, "Aa," kama mtu aliyeambiwa bei. Saa ya chakula kaniuliza tena. Nikamwambia tena. Anakula mkate mkavu tu. Sahani yangu anaigeuza, anainusa, anairudisha kwangu, halafu anaitazama midomo yangu nikitafuna. Ananilinda. Dhidi yake mwenyewe.

Bi Mikasi nimemweleza. Kalia, masikini. Anasema ni yeye, ni "tupa vyote ndani" yake. Sasa kila mtu analitaka hili kosa, na bado halimtoki mama.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejaribu vyote. Nimemwambia akiwa anaoga, akiwa anakunywa chai, akiwa dirishani. Nimemleta nesi amwambie akiwa na sare yake. Mama kamshukuru sana, kamwambia mwanangu ana moyo mwema, tangu zamani hataki nisemwe vibaya.

Anafunga begi. Hakuna aliyemwambia afunge. Nguo mbili, sabuni, kitana. Kisu cha kumenyea kakitoa mwenyewe kwenye begi akanikabidhi, mpini mbele.

Nesi kaahidi kuwapo kesho kaka akija. Kaka ni mtu wa kanuni, labda atasikia mtu mwenye sare. Nimemwomba mkuu wa karakana niwe nashonea nyumbani, kakubali nijaribu. Mapazia ya saluni yako hapa sebuleni. Cherehani nimeiweka pale ninapoona jikoni. Ninaweza. Mama akibaki, ninaweza.

Jumamosi, 29 Machi

Kaka kafika mapema, peke yake. Kaja na gari la shule ya udereva, lile lenye maandishi ya MWANAFUNZI nyuma.

Mama kamngoja mlangoni na begi. Kabla hata ya salamu kamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikaribia kuwaua."

Kaka machozi yakamlenga. "Yameisha, mama. Nimekusamehe."

Hapo nilipasuka. Sijui nilipiga kelele gani, majirani wa ng'ambo walifungua dirisha. Unamsamehe nini! Hakufanya kitu! Usimsamehe! Nesi kashuka na viatu vya nyumbani. Kamkalisha kaka sebuleni, katikati ya mapazia ya saluni, kamweleza taratibu kama anavyowaeleza ndugu wa wagonjwa. Sumu, joto, kuchemka. Kamwuliza kama midomo yake iliungua siku ile. Kaka kajigusa midomo. Nikamwonyesha fundo kwa kipande cha mkanda. Jaribu kulifungua, nikasema. Akajaribu. Akajaribu na meno.

Kaka yangu ambaye hajawahi kukubali kosa hata la kuegesha gari, kasema: "Basi nilimhukumu bure."

Kasema mama asiende. Kasema ataongea na wale wa bustani, ataleta jiko lenye kuzima lenyewe, atakuja kila mwisho wa mwezi. Nesi kapumua. Mimi nimemkumbatia kaka, kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Tumeshinda, nilijiambia. Tumeshinda!

Tukatoka kumwambia mama. Hakuwa mlangoni.

Yuko garini. Kiti cha mbele, kile anachokaa kaka akifundisha. Begi mapajani, mkanda keshafunga mwenyewe.

Kaka kachuchumaa mlangoni mwa gari, kamwambia: mama, shuka, unabaki nyumbani, hukufanya kitu. Mama kamwambia asimwonee huruma. Nesi kamwambia. Kamjibu kwa heshima zote, asante mwanangu, rudi ukapumzike, umetoka zamu. Nikaja mimi. Nimemweleza tena, mwanzo mpaka mwisho, sijui ni mara ya ngapi wiki hii — punje, maji, moto mdogo, ni mimi mama, ni mimi. Alinisikiliza. Akanifuta shavu kwa kidole gumba.

"Usinibebee," kasema. "Wewe bado mtoto. Nikibaki nyumbani iko siku mtakula mtalala hamtaamka, na mimi sitakumbuka hata kwamba niliwalilia. Mwambie kaka yako awashe."

Kaka kazunguka, kakaa kwenye usukani. Hajawasha. Ananiangalia mimi. Katika maisha yake yote hajawahi kuniangalia akingoja niseme la kufanya.

Kumshusha kwa nguvu? Nimshike mama mikono, nimfungue mkanda, nimvute? Au nimwache aende na uongo huu kifuani, kwa sababu ndio peke yake uliokubali kukaa kichwani mwake? Nesi ananong'ona, labda kesho atakuwa amesahau. Labda. Na labda kesho ataamkia kitanda cha kule, bila sura anayoijua, akijua jambo moja tu kuhusu maisha yake.

Mama kasema anasikia baridi. Nimeingia kumchukulia sweta. Ninalo hapa mkononi. Nimekaa kwenye cherehani ninaandika, kwa sababu nikitoka nalo, nikimpa, ni kama nimesema nenda.

Honi.

Si kaka, kaka hapigi honi ovyo, anawafukuza wanafunzi kwa hilo. Nimechungulia. Ni mama. Kainama mbele ya kaka, kiganja chote juu ya usukani. Ananiharakisha na sweta.